Goti la Taifa

Aliye na kikohozi akohoe sasa, maana habari hii nikishaianza sipendi kukatizwa.

Ipo nchi moja ambayo jina lake siwezi kuwatajia. Si woga, jina lenyewe halipo. Zamani nchi hiyo ilitumia jina la Wandire, watu wa milimani waliokuwa wakifuga nyuki huko kabla ya wengine wote kufika. Hao wengine walipofika waliwafukuza Wandire, wakachukua vilima, na jina wakabaki nalo kwa sababu lilikuwa zuri. Miaka themanini baadaye Bunge likagundua kwamba huo ni wizi. Wabunge walilia siku hiyo mpaka kikao kikaahirishwa. Wakaazimia jina lirudishwe kwa wenyewe, likachongwa kwenye kibao cha mninga, na Wandire wakaandikiwa barua waje kulichukua. Wandire wakajibu kwamba wao walikuwa wakiulizia vilima. Basi kibao kimewekwa stoo, kimeegemezwa nyuma ya viti vibovu, na nchi inaitwa Nchi, mpaka kamati itakapokaa.

Stoo hiyo ni ya Wizara ya Majuto. Msicheke, ndiyo wizara kubwa kuliko zote huko. Ina ghorofa tisa, na Wizara ya Afya imepewa vyumba viwili uani. Ina Idara ya Machozi, Idara ya Minara, na Kitengo cha Kuinamisha Vichwa, ambacho mkurugenzi wake alipinda shingo akiwa kazini, akapewa nishani. Watu wa huko wana aibu kuliko taifa lolote duniani, na wanajivunia sana jambo hilo.

Kilele cha kazi ya Wizara ni Siku ya Aibu. Siku hiyo watu hujaa uwanjani tangu asubuhi, mabalozi hukaa kivulini, bendi ya shaba hupiga, na mtu mmoja hupiga goti mbele ya Wandire kwa niaba ya taifa zima. Mtu huyo huitwa Mpiga Goti Mkuu. Hupiga goti juu ya mto wa mahameli uliotariziwa nembo ya taifa, na picha yake hutundikwa mashuleni.

Sasa, Wandire nao wana desturi yao. Kwao mtu akija kuomba radhi hawamwambii nimekusamehe wala sijakusamehe. Humuuliza maswali matatu: Nani? Wapi? Nini kimebaki? Yaani nani aliyekosa, alikosea wapi, na katika alichochukua kimebaki nini. Akishajibu, ndipo maombi ya radhi huanza. Asipojibu, huchukuliwa kwamba alipita tu kusalimia.

Mwaka wa kwanza wa Siku ya Aibu, Bibi Ndekwa, mama wa Kindire mwenye sauti ya chini, alisimama akauliza maswali hayo. Maofisa wa Itifaki wakayapenda mno. Wakadhani ni kiitikio. Mwaka uliofuata yakachapishwa kwenye ratiba, yakatungiwa muziki, na kwaya ya Wizara ikafundishwa majibu. Tangu hapo Bibi Ndekwa akiuliza "Nani?" kwaya huitikia kwa sauti nne, "Sisi soteee!" Akiuliza "Wapi?" huitikia, "Kila mahaliii!" Akiuliza "Nini kimebaki?" huitikia, "Majutooo!" na tarumbeta hupokea. Bibi Ndekwa hukunja khanga yake, akawaaga walio karibu, akarudi kwao. Imekuwa hivyo miaka ishirini na mitatu.

*

Humo wizarani alikuwamo Bwana Sadala Ngwamba, Mpiga Goti Msaidizi. Kazi yake ilikuwa kubeba mto, kuuweka chini, kuupigapiga usawa ukae vizuri, kisha kurudi nyuma hatua tatu asionekane.

Mtu huyu hakuwa na shida yoyote ya dunia. Alikuwa na mke mwema, Bi Mwatima, na binti aliyeolewa vizuri, Chausiku. Alikuwa na nyumba ya urithi juu ya kilima cha Chekera, yenye upepo mchana kutwa na chemchemi uani isiyokauka hata mji mzima unapopanga foleni ya ndoo. Hata jina la nyumba hiyo likitajwa, watu humeza mate. Lakini mwenyewe hakuiona. Alichokiona asubuhi na jioni, akila na akioga, kilikuwa goti la Bi Zawena Mtepa.

Bi Zawena ndiye aliyekuwa Mpiga Goti Mkuu, mwaka wa sita mfululizo. Na alikuwa anaweza, tusimdhulumu. Sikilizeni alivyokuwa analia: chozi lilitoka jicho la kushoto peke yake, likashuka taratibu mpaka kidevuni, likasimama hapo mpaka wapiga picha wamalize. Wanja haukuchuruzika. Sadala yeye akilia, pua ndiyo hutangulia, na uso huumuka wote. Alijaribu kujifunza mbele ya kioo bafuni kwa miezi minne, akaishia kupata kengeza kidogo.

Wivu ulimkaa kooni Bwana Sadala, akawa hamezi wala hatemi. Aliwahi kumwombea Bi Zawena ugonjwa wa goti. Akaona haya, akapunguza, akamwombea wa kifundo cha mguu.

Kikwazo chake kilikuwa kanuni. Kanuni ya Wizara ilisema Mpiga Goti Mkuu awe mzao wa mkosaji mzito. Msiniulize inakuwaje kosa la sote liwe na wazao wake maalumu. Mimi nasimulia tu. Babu yake Bi Zawena alikuwa Kapteni Mtepa, aliyeongoza jeshi lililowafukuza Wandire. Sanamu lake lilikuwa katikati ya mji. Aibu ilipoingia, likashushwa farasi, likainamishwa kichwa, likarudishwa palepale. Na babu yake Sadala? Familia ilisema alikuwa mpishi wa kikosi. Alipika ugali, basi.

"Dhambi yako haijakolea chumvi, Bwana Sadala," wenzake walimtania kantini, na kila mtu akacheka mpaka chai ikamwagika.

Mwaka huo gazeti lilitoa picha ya Siku ya Aibu ukurasa mzima. Bi Zawena alionekana mwili mzima, na chozi lake. Sadala alionekana kiwiko. Akalipeleka gazeti nyumbani, akamwonyesha mkewe kiwiko.

"Ndiyo nini hii?" akauliza Bi Mwatima.

"Ndimi huyo. Miaka sita ya kubeba mto, nimekuwa kiwiko!"

"Baba Chausiku, wewe una wazimu. Wanaume wenzako wanaonea wivu magari, wewe unaonea wivu dhambi!"

"Mama Chausiku, huelewi. Yule mwanamke kazaliwa nayo. Kaikuta ndani kwao kama vyombo vya kabatini. Mimi nitafanya nini, na babu yangu kakaa jikoni vita nzima?"

Bi Mwatima akachukua gazeti, akalitandika chini ya sinia, akaanza kuchambua mchele.

*

Siku ya pili Sadala akaenda Nyumba ya Nyaraka kutafuta kosa lake. Alipokelewa na Mzee Chambuso, mtunza nyaraka, aliyefurahi kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuja.

"Karibu, karibu. Tumefika mbali," akasema Mzee Chambuso, akimfungulia jalada moja. Kila jina la mkosaji lilikuwa limepakwa wino mweusi, na juu yake umegongwa muhuri mwekundu: SISI SOTE. "Agizo la Waziri. Ili asibebeshwe mtu mmoja mzigo wa taifa. Huu mwaka wa tisa tunagonga."

Sadala akasoma. Katika barua moja, kwa haraka ya kazi, muhuri ulikuwa umegongwa hata kwenye majina ya waliofukuzwa, kwa hiyo barua ilisema kwamba Sisi Sote tulifika alfajiri tukawachomea nyumba Sisi Sote, na Sisi Sote wakakimbilia bondeni wakilia.

"Hakuna hata moja lililobaki na majina?" akauliza Sadala, moyo umemwanguka.

"Labda lile tunaloegeshea birika."

Wakaondoa birika. Chini yake palikuwa na kisanduku cha bati chenye barua za shukrani za askari wa zamani, zina duara za chai lakini hazijagongwa muhuri. Ya nne kutoka juu ilisema hivi:

"Mimi Ngwamba, mpishi wa kikosi, nashukuru kupewa kilima cha Chekera, chemchemi yake na mizinga yake arobaini, kwa kuwa ndimi niliyewaonyesha askari njia ya nyuma. Njia hiyo nilionyeshwa na wenyewe nilipokwenda kwao kutafuta asali, nikashikwa na homa, wakaniuguza siku nne. Nyumba zilikuwa kumi na saba. Nashukuru tena."

Sadala alisoma mara mbili. Kisha akaruka juu.

"Alisaliti! Mzee Chambuso, babu yangu aliwasaliti! Walimuuguza, naye akawasaliti!"

"Haiwezekani! Hongera, Bwana Sadala!"

"Na sisi tunaambiwa alipika tu! Miaka yote hii tunadharauliwa kantini!"

Wakakumbatiana. Mzee Chambuso akachemsha chai ya pongezi. Wakati wa kushuka ngazi, zile siku nne za homa zilimrudia Sadala, zikamchoma kidogo mahali fulani chini ya mbavu. Akaziambia zisubiri, ana haraka.

*

Ombi lake lilipelekwa mbele ya Tume ya Kupima Uzito wa Kosa, wazee saba wenye majoho ya kijivu. Bi Zawena aliitwa kujitetea.

"Waheshimiwa," akasema kwa utulivu wake ule, "babu yangu aliamuru vilima kumi na moja vitwaliwe. Bwana Sadala analeta kilima kimoja. Tusishushe hadhi ya aibu yetu."

Sadala akainuka kitini. "Babu yake hata hakuwajua! Aliwafagia kama majani. Babu yangu alilala kwao! Alikula chakula chao! Nani mwenye kosa zito hapa, jamani, si mimi?"

"Hiyo homa," akauliza mwenyekiti akiinamia mbele, "ilikuwa kali?"

"Kali mno, Mheshimiwa Mwenyekiti. Bila wao angekufa."

Wazee wa Tume wakaguna kwa kijicho. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba kwao hawana kitu, babu yake alikuwa karani wa mahema, hata risasi moja hakugusa. Kura zikapigwa. Bwana Sadala Ngwamba akawa Mpiga Goti Mkuu wa Taifa kwa kura sita dhidi ya moja.

Bi Zawena alimkabidhi mto kwenye korido, hakuna mtu mwingine. Sadala alikuwa ameutamani mno ule mto. Alipoushika kwa haki yake mwenyewe, akaukumbatia kifuani.

"Kaka Sadala," akasema Bi Zawena, "piga goti utakavyo, lia utakavyo. Ila nakuomba kitu kimoja, usitaje mahali. Miaka sita mimi sijataja mahali. Unafikiri sijui kwetu tunakaa kilima gani?"

Sadala akacheka. Kumbe na yeye anaumia! Raha aliyoipata hapo hakuwahi kuipata tangu azaliwe.

"Dada Zawena, wivu utakuua."

"Haya," akasema yule mama. "Nenda kapige goti."

*

Siku ya Aibu ikafika. Jua kali, uwanja umejaa, mabalozi kivulini. Waziri wa Majuto, Mheshimiwa Dokta Lukindo, alihutubia saa nzima na dakika kumi. Alisema kosa letu ni kubwa, ni pana, ni refu, ni la kila mmoja, na kwa hiyo hakuna mmoja anayepaswa kuondoka hapa akijiona ana zaidi ya mwenzake. Makofi. Alisema mwaka huu Wizara imeongeza machozi kwa theluthi. Makofi tena.

Sadala akapiga goti. Mahameli ilikuwa laini kuliko alivyodhani. Mbele yake, kwenye viti vya plastiki, walikaa Wandire thelathini na wawili, na katikati yao Bibi Ndekwa, sasa ana miaka themanini na ushee. Sadala akaanza kulia. Pua ikatangulia, kama kawaida yake. Akasikia kamera zikilia, moyo ukamjaa.

Halafu zikanyamaza.

Akainua jicho. Wapiga picha wote walikuwa wamemgeuzia mgongo. Bi Zawena alikuwa amekaa safu ya tatu, mtandio mweusi kichwani, na chozi lake, lile la jicho la kushoto, lilikuwa linashuka taratibu kuelekea kidevuni. Hakuwa hata amepiga goti! Mtu amekaa zake kwenye kiti, hana cheo, na dunia nzima inamtazama yeye!

Hapo ndipo Bibi Ndekwa alisimama, kama ratiba inavyosema, akauliza bila kutazama mtu, "Nani?"

Kwaya ikavuta pumzi.

"Babu yangu!" akapiga kelele Sadala, na kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wake. "Ngwamba, mpishi wa kikosi! Si sote! Hao sote walikuwa wapi? Ni babu yangu!"

Kamera zikageuka, zikaanza kulia upya. Sadala akahisi joto zuri kifuani. Bibi Ndekwa alikuwa ameshaanza kukunja khanga, kwa mazoea ya miaka ishirini na mitatu. Mikono yake ikasimama. Akamtazama mtu aliyepiga goti mbele yake, na swali la pili akaliuliza polepole, akiogopa kulivunja.

"Wapi?"

"Kilima cha Chekera! Kwa njia ya nyuma! Nyumba kumi na saba!"

Mwimbaji mmoja wa sauti nzito alianza "Kila ma..." akapigwa kiwiko na mwenzake. Bibi Ndekwa akasogea hatua moja.

"Nini kimebaki?"

Sasa Sadala akaona alipofika. Hakuwa mjinga, alikuwa na wivu tu. Angeweza kusema "Majuto", kwaya ingedakia, tarumbeta ingepokea, na kila mtu angekwenda kula. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini safu ya tatu, nyuma ya bega la bibi, Bi Zawena alikuwa anatikisa kichwa: usiseme, usiseme. Na Sadala akasoma hapo kile alichotaka kukisoma. Akaona mwanamke anayemnyima.

"Kilima kipo," akasema. "Chemchemi ipo. Na nyumba ninayokaa mimi na mke wangu ipo."

Kwenye jukwaa la wageni Bi Mwatima alisikika akisema, "Mungu wangu! Baba Chausiku!"

Bibi Ndekwa hakukunja khanga. Alikaa chini, kwenye nyasi, na Wandire wengine wote wakaacha viti vya plastiki wakakaa naye.

"Haya," akasema. "Umeanza kuomba radhi. Tunakusikiliza."

Ratiba haikuwa na kipengele hicho. Waziri akamtazama Afisa Itifaki, Afisa Itifaki akamtazama kiongozi wa bendi, na kiongozi wa bendi, kwa kukosa la kufanya, akapiga wimbo wa taifa mara tatu.

*

Alasiri hiyohiyo Sadala aliitwa ghorofa ya tisa. Waziri hakumkaribisha kiti.

"Unajua ulichofanya? Umejimilikisha kosa la umma!"

"Mheshimiwa, mimi nilijibu swali."

"Swali! Kosa hili ni mali ya taifa, Sadala. Limehifadhiwa miaka ishirini na mitatu, halijapungua hata kidogo. Wewe unaingia, unakata kipande, unakwenda nacho kwako! Kesho mwingine atakata chake. Baada ya mwaka tutabaki na nini cha kujutia? Nani ataajiriwa humu?" Akafuta jasho. "Leo mchana watu tisa wamenipigia simu kuuliza babu zao walikuwa wapi mwaka ule. Mmoja ni balozi wetu. Mmoja ni mama yangu mzazi!"

Akamsukumia karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja: "Niliposema babu yangu nilikuwa na maana ya sisi sote, na niliposema Chekera nilikuwa na maana ya kila mahali." Akisaini kabla ya Ijumaa adhuhuri, Wandire watajibiwa kwamba palikuwa na hitilafu ya kipaza sauti, nyumba itabaki yake, na yeye atakuwa Mpiga Goti Mkuu maisha. Asiposaini, atakuwa amekiri mbele ya mashahidi elfu sitini. Wandire watachukua kilima, na goti atarudishiwa Bi Zawena.

Nyumbani Bi Mwatima alimpokea na kalamu mkononi.

"Saini."

"Nipe nifikirie, Mama Chausiku."

"Ufikirie nini? Nikikuuliza mimi 'wapi', utanijibu nini? Tutakaa wapi? Nimezaa humu. Nimezika mtoto wetu wa kwanza hapo nje. Leo nitoke kwa sababu wewe ulitaka upigwe picha?"

Sadala akaipokea kalamu, akaitia mfukoni. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaamua kusaini. Goti la maisha, na nyumba juu yake! Bi Zawena atakauka kama dagaa. Alichelewesha mpaka Ijumaa kwa sababu tu alitaka kuonja raha hiyo taratibu.

*

Ijumaa saa nne asubuhi, wakati Bi Mwatima anapika, Sadala aliketi barazani, akakunjua karatasi gotini na kufungua kalamu. Bibi Ndekwa akaingia uani. Alikuja na binti zake wawili, watu wazima wenye mvi. Hawakuja na polisi wala barua. Alipiga hodi, akaitikiwa, akavua viatu langoni.

"Naomba nitembee," akasema. "Mama yangu alitoka hapa ana miaka sita. Alinifundisha mahali hapa kwa maneno, nami sijawahi kupaona."

Nani angemkatalia? Sadala akafuata nyuma, karatasi mkononi, apate kuhakikisha hauguswi mti wowote.

Bibi akaenda moja kwa moja kwenye lile jiwe la mgongo mpana ambalo Sadala huanikia viatu. "Mkaa-Wachumba," akawaambia binti zake. "Wanaoposana walikaa hapa, watu wakiwaona." Akaenda kwenye chemchemi. Ile chemchemi, miaka yote, ndani ya nyumba ya Ngwamba iliitwa "maji ya nyuma". Bibi akachutama, akachota kwa kiganja, hakunywa, akaitaja kwa jina refu la Kindire lililowafanya binti zake waangue kicheko, kisha mmoja wao akaanza kulia na uso wake wote ukaumuka, na pua ikatangulia. Hakujali. Hakukuwa na mtu wa kumpiga picha.

Wakaendelea hivyo. Bonde dogo nyuma ya choo lina jina. Kichuguu kina jina, na hadithi ya mtu aliyeanguka pale akiwa amebeba asali, ambayo mama yake bibi aliisimulia mpaka siku ya kufa kwake. Penye kaburi la mtoto wa Bi Mwatima, bibi alisimama, akauliza kwa ishara, akaelewa, akazunguka kwa mbali asikanyage.

Na Bwana Sadala akasikia kitu kinampanda kooni. Alikijua. Alikuwa amelala nacho na kuamka nacho miaka sita. Lakini safari hii hakikuwa cha goti wala mto wala kamera. Alimwonea wivu bibi kizee aliyesimama peku uani kwake. Alimwonea wivu kwa jiwe, kwa kichuguu, kwa jina lililochekesha. Yeye amezaliwa hapa, na baba yake kabla yake, na hawajui hata kitu kimoja kinaitwaje. Amekaa miaka hamsini na miwili mahali asipopajua, na hakuna aliyewahi kumsimulia kitu isipokuwa kwamba babu alipika.

Uchungu wake ulikuwa wa kweli, na ulimtia hasira. Kwa nini awe navyo vyote yule bibi?

Wakafika mlango wa jikoni. Bi Mwatima alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, chungu jikoni kinachemka. Bibi Ndekwa akachungulia ndani, kwenye kona ya makaa, akatulia sana. Akawanong'oneza binti zake neno moja, nao wakashikana mikono.

"Hapa je?" akauliza Sadala. Sauti ilimtoka ya kuomba, hakuitambua. "Bibi, hapa jikoni palikuwa panaitwaje?"

Bibi Ndekwa akageuka, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie: uso, mikono, ile karatasi.

"Toka kwanza," akasema. "Nitakwambia."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayemwomba mwenziwe apishe kidogo. Kutoka mjini ikasikika adhana ya adhuhuri ya Ijumaa. Sadala akamtazama mkewe. Bi Mwatima akatazama upande wa kaburi la mtoto wake, kisha akaingia ndani, akaepua chungu, akamwagia makaa maji.

Bwana Sadala akatoka.